Tsunami si bamvua, wala si wimbi la kusi

Maji ya bamvua (siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida) yakigonga kuta za ufukweni Nyali, hakosi mtu wa kusema tsunami inakuja. Maneno haya ni ya miaka mingi pwani yetu, na hayana msingi.

Bamvua huletwa na mvutano wa mwezi na jua. Hufika mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na wavuvi huihesabu mapema. Mawimbi ya kusi nayo ni kazi ya upepo utokao kusini, hivyo hutikisa maji ya juu tu.

Tsunami huanzia chini kabisa. Sakafu ya bahari ikiinuka au kushuka ghafla, aghalabu kwa tetemeko, maji yote yaliyo juu yake husukumwa. Kwenye kina kirefu hukimbia karibu kilomita 800 kwa saa, ilhali kimo chake huenda kisifike mita moja. Nahodha aliye huko hata hahisi. Ikikaribia pwani ndipo hupunguza mwendo na kupanda.

Wala haiji wimbi moja (hili ndilo hasa linalosahaulika). Tsunami iliyotoka Sumatra, kisiwa cha Indonesia, tarehe 26 Desemba 2004 ilifika Kenya saa kadhaa baadaye, maji yakipwa na kujaa kwa kurudia, na huko Watamu mtu mmoja alifariki.