Muhuri, Maneno Marefu na Mtoto wa Tukuyu: Dhana Potofu Kuhusu Kuchagua Vitabu vya Maktaba ya Shule

Huku Tukuyu, wilayani Rungwe, mvua ikianza haijui kuaga, na mchana wa mvua ndipo maktaba yetu inapojaa. Maktaba ni kusema tu: makabati mawili, mikeka, na chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Kila muhula walimu tunapokaa kuchagua vitabu vya ziada, hoja zinazoletwa mezani ni zile zile. Nyingi zina ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana hazifi.

"Kikiwa na ithibati, kazi imekwisha"

Ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yaani muhuri wa kwamba kitabu kimepitishwa kutumika shuleni, ni ya lazima kuiangalia, wala sisemi shule iipuuze. Lakini waliokipitisha kitabu hawalijui darasa lako la tatu, ambalo nusu ya watoto nyumbani wanaongea Kinyakyusa na Kiswahili wamekizoea shuleni. Tena wapimaji ni binadamu. Mwaka 2013 James Mbatia alisimama bungeni kulalamikia vitabu vya shule vilivyojaa makosa, vitabu ambavyo kamati ya ithibati ya wakati huo, EMAC, ilikuwa imeshavipitisha. Kamati ikavunjwa mwaka huo huo.

Kuna na upande wa pili. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu za maadili, wapo waliotembea na ile orodha mkononi wakidhani kisichotajwa humo ni salama. Kutotajwa kwenye orodha ya marufuku si sifa.

"Maneno marefu, kitabu kigumu"

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo tunapokosea zaidi.

Vipimo vingi vya ugumu wa kitabu vilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Vinahesabu silabi na urefu wa sentensi. Ukivileta kwenye Kiswahili vinakudanganya mchana kweupe. "Hatukuwasubiri" ni neno moja lenye silabi saba, na mtoto wa miaka mitano hulisema akiwa anakimbia. "Hila" na "toba" ni mafupi, na ndiyo yanayomkwamisha.

Kuna kipimo kingine walimu wanakipenda, cha vidole vitano: mtoto asome ukurasa mmoja, akunje kidole kila anapokwama, na mkono mzima ukikunjwa basi kitabu hicho bado ni kigumu kwake kukisoma peke yake. Ni kipimo kizuri, ila kwetu kina mtego. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyeshika silabi zake atakusomea chochote, hata Katiba, bila kukunja kidole. Niliwahi kumsikiliza binti wa darasa la tatu akisoma ukurasa mzima kama maji. Nikafunika kitabu nikamuuliza, "Haya, sungura amekwenda wapi?" Akanitazama. "Mwalimu, nianze tena?"

Tangu siku ile, kwetu kidole kinakunjwa kwa neno ambalo mtoto hawezi kunieleza maana yake, hata akitumia Kinyakyusa. Vitabu viwili nilivyokuwa nimevipanga darasa la pili vilihamia la nne.

"Hadithi ya mtoto lazima iwe na fundisho"

Mtoto mtukutu hamsikii mama yake, ukurasa wa nne anavunjika mguu, ukurasa wa nane anaomba radhi. Vya namna hiyo tunavyo rafu nzima, na vinang'aa kama vilivyotoka dukani jana. Bibi zetu walituambia hadithi za Sungura anayemlaghai Fisi na kuondoka na nyama yote, na hakuna bibi aliyemalizia kwa "hadithi hii inatufundisha". Tulijifunza? Tulijifunza kusikiliza hadi mwisho, na kuomba nyingine.

"Cha kwetu kinafaa, cha Ulaya kinapotosha"

Msomi wa Marekani, Rudine Sims Bishop, aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu vinaweza kuwa kioo mtoto anachojionea mwenyewe, na pia dirisha la kuwatazama wengine. Mtoto wa Rungwe anahitaji vyote viwili. Shida ni kwamba kitabu kilichochapwa hapa hapa Tanzania kinaweza kuwa kioo kilichopinda. Hesabu ni mara ngapi dada wa kazi katika hadithi zetu anatoka Iringa, hapewi hata jina, na kazi yake ni kuchekesha watu kwa lafudhi. Shangazi na dada za wanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini ndio hao. Au mhusika mwenye ualbino: kila mara analetwa ili aokolewe. Siku nitakayokuta kitabu ambamo mhusika huyo amefunga goli tu na kwenda zake nyumbani kula kande, nitanunua nakala kumi.

Maboksi ya msaada nayo yachambuliwe. Tuliwahi kupata kitabu cha anga, picha nzuri ajabu, chenye sayari tisa. Pluto iliondolewa kwenye hesabu hiyo mwaka 2006.

"Kijana akisoma habari za mapenzi ataharibika"

Utafiti wa VVU wa mwaka 2022/23 uliikuta Njombe ikiongoza kwa maambukizi miongoni mwa watu wazima, asilimia 12.7, ikifuatiwa na Iringa na Mbeya. Wanafunzi wa sekondari wa mikoa hii wameshika majembe makaburini. Kuwaficha kitabu kwa kuwa kinataja mapenzi ni kuwaficha wanachokijua.

Mimi nasoma nikitafuta mambo mengine. Mwanamume mzima anapomtongoza binti wa shule, mwandishi anamwonaje: tapeli, au mwenye bahati? Mimba ikiingia, inamwandama binti peke yake, na yule mwenzake anapotelea ukurasa gani? Halafu angalia mwisho. Vitabu vingi vya zamani vinamfukuza binti shule na hadithi inafungwa hapo. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi darasani. Kitabu cha namna hiyo hatukukitupa. Tunakisoma kwa pamoja na kuwauliza kidato cha pili sura inayofuata wangeiandika vipi, na hapo ndipo wavulana huinamisha vichwa.

"Kitabu kisafi ndicho kilichotunzwa"

Mkaguzi mmoja alitusifu kwa rafu ya juu, safi, imenyooka. Ni ile ya mafundisho. Rafu ya chini hakuinama.

Siku hizi kabla ya kununua nakifungua kitabu katikati na kukibana kwenye goti. Kilichobandikwa kwa gundi peke yake huanza kuachia pale pale, na pini kwa unyevu wa huku zinapata kutu mapema. Baada ya hapo jibu liko kwenye daftari la kuazima. Kinachoombwa kuliko vyote kwetu hakina jalada tangu mwaka juzi, kurasa mbili ni fotokopi, na mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa fundi viatu. Kwenye daftari, foleni yake ina watoto kumi na mmoja.