Diski Ikikataliwa Unaposakinisha Windows 11, Usikimbilie Kufuta

Tangu Microsoft isitishe msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali moja linajirudia katika kitengo chetu cha TEHAMA: "Kisakinishi kimeikataa diski yangu. Nifute patisheni zote?" Usifute. Diski yako haijaharibika.

Mara nyingi shida iko kwenye jedwali la patisheni, yaani orodha inayoonyesha kila sehemu ya diski inaanzia wapi na kuishia wapi. Jedwali la zamani, MBR, ni la mwaka 1983: linabeba patisheni kuu 4 tu, na kwa kawaida halifiki mbali zaidi ya TB 2 hivi. Jipya ni GPT. Kompyuta ikiwashwa kwa UEFI, yaani mfumo mpya wa kuiwasha, Windows hukubali kusakinishwa kwenye GPT pekee. Hapo ndipo watu huanza kufuta, wakidhani wanagusa C tu. Jedwali ni la diski nzima! Ukilisafisha ili kuanza upya, picha na hati zilizoko D nazo zinakwenda.

Ikiwa Windows 10 yako bado inawaka, ipo njia isiyofuta kitu. Programu ya MBR2GPT, inayobadili jedwali la MBR kuwa GPT, imo ndani yake tangu toleo 1703 la mwaka 2017. Weka kwanza nakala ya mafaili yako kwenye diski nyingine. Hili mimi silijadili na mtu. Kama unatumia BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri, isitishe kwa muda na uandike ufunguo wake wa kuifungulia diski, wenye tarakimu 48, mahali palipo nje ya kompyuta hiyo.

Kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Amri hii hukagua tu. Ikikataa, hesabu patisheni: zikizidi kuu 3, haiendelei. Ikikubali, rudia ukiweka /convert badala ya /validate, halafu uingie kwenye mipangilio ya ubao mama na kubadili uwashaji kutoka Legacy, njia ya zamani, kwenda UEFI. Wengi huisahau hatua hii, Windows inagoma kuwaka, lawama zinaangukia programu.

Na ile patisheni ndogo isiyo na herufi, iliyo jirani na C? Mara nyingi ni ya urejeshaji, yaani ya kuirekebisha Windows ikigoma kuwaka. Iache, hata kama inazuia C isipanuliwe.