Mgomo wa Maji Si Mgomo wa Mshahara

Barua zinazofika mezani kwetu siku hizi zina lalamiko moja lenye sura mbili. Mwajiri anaandika: tawi la chama cha wafanyakazi limeungana na wakazi kudai maji, hiyo ni siasa, lifutwe. Kiongozi wa tawi naye anauliza: dai ni la wananchi, taarifa ya nini tena? Wote wamekosea.

Kuungana na jamii si kosa. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar es Salaam walipogoma, TANU iliwahimiza wananchi wasusie bia. Rashidi Kawawa alitoka ukatibu mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, hadi Uwaziri Mkuu mwaka 1962. Watu hupenda kuishia hapo. Lakini mwaka 1964 TFL ilivunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake akawa anateuliwa na Rais.

Sasa utaratibu. Mgogoro wa mshahara hupita kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kisha mwajiri hupewa taarifa ya saa 48. Kusitisha kazi ili kutetea maslahi ya kiuchumi na kijamii ni jambo jingine, nalo liko kifungu cha 85 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Linaitishwa na chama au shirikisho lililosajiliwa, si na kundi la WhatsApp. Taarifa yenye sababu, muda na namna ya hatua yenyewe hupelekwa LESCO, baraza la kitaifa la kazi, uchumi na jamii. Siku 30 zipite. Pia itolewe taarifa ya angalau siku 14 kabla ya kuanza. Siku hizo 30 huhesabiwa tangu barua ilipopokelewa. Nimeona barua ya tarehe 3 yenye muhuri wa mapokezi wa tarehe 11, na watu wameshaanza kuhesabu tangu tarehe 3. Hizo siku nane zinatosha kuwapeleka Mahakama ya Kazi, ambayo inaweza kuzuia hatua hiyo na kuamuru fidia. Na hata ukifuata yote, usitegemee mshahara wa siku ambayo hukufanya kazi. Swali hilo naomba lisiulizwe tena.

Walio kwenye huduma muhimu, kama afya, umeme na maji, hawaruhusiwi kushiriki. Ndiyo, fundi wa mamlaka ya maji hawezi kusitisha kazi kwa ajili ya maji, hata kama bomba la kwake limekauka. Akitoka zamu, akavua sare na kwenda kuketi kwenye mkutano wa mtaa kama mkazi, kifungu hiki hakimhusu.