51.14: mita kumi za mwisho za Jason Dunford

Kando ya bwawa ninalofundishia hapa Mombasa kuna ubao mweupe wa ratiba. Kila jioni tunaufuta, kila alfajiri tunaandika upya. Namba moja tu haifutwi, iko kona ya juu: 51.14. Wino ukififia naikoleza tena. Watoto wageni huniuliza, "Kocha, hiyo ni ya nini?" Nawajibu ni sekunde, na kwamba Mkenya mmoja aliwahi kuogelea mita 100 za mtindo wa kipepeo kwa muda huo, na kwa dakika chache hakuna mtu katika historia yote ya Olimpiki aliyekuwa amewahi kuziogelea haraka kuliko yeye.

Nimefundisha kuogelea kwa miaka kumi na saba, na karibu kila ninachokijua kuhusu kipepeo naweza kukieleza kwa kutumia safari ya mtu huyo, Jason Dunford.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2008, huku kwetu ilikuwa mchana. Beijing ilikuwa jioni, na mchujo wa mita 100 za kipepeo kwa wanaume ulikuwa unaendelea. Rekodi ya Olimpiki ilikuwa ya Mmarekani Michael Phelps, 51.25, aliyoiweka Athens mwaka 2004. Dunford, kijana wa miaka 21 aliyezaliwa Nairobi, akagusa ukuta kwa 51.14. Kabla mchujo haujaisha, Milorad Čavić wa Serbia naye akagusa kwa 50.76, na rekodi ikahama. Dakika hizo chache zinanitosha. Nchi ambayo ulimwengu unaijua kwa mbio za nyika na mbio ndefu ilikuwa imeandika jina lake juu kabisa kwenye maji.

Asubuhi ya Jumamosi iliyofuata niliamka mapema kuangalia fainali. Beijing ilikuwa imeshapita saa nne asubuhi, huku kwetu ni saa kumi na moja, muda wa adhana. Mnakumbuka kwamba mwaka ule ratiba iligeuzwa. Kwa kawaida mchujo hufanyika asubuhi na fainali usiku, lakini Beijing fainali ziliwekwa asubuhi ili Wamarekani wazione moja kwa moja saa zao za jioni. Kwa muogeleaji wa mbio fupi hilo si jambo dogo. Asubuhi mwili bado mzito, viungo bado baridi, na kipepeo hakimwonei huruma mtu ambaye mabega yake hayajaamka. Wanane wote waliingia kwenye maji yaleyale saa ileile, kwa hiyo siitoi kama udhuru. Ila kila ninapomtazama Dunford wa Alhamisi jioni na wa Jumamosi asubuhi, naona miili miwili tofauti.

Fainali alimaliza wa tano, 51.47. Alikuwa Mkenya wa kwanza kufika fainali ya kuogelea katika Olimpiki. Miongoni mwa wanane hao alikuwemo Ryan Pini wa Papua New Guinea, na mimi niliyelelewa nikiambiwa kwamba mchezo huu ni wa mataifa matano tajiri sikujua kama nishangilie au nilie.

Sasa niingie kwenye maji yenyewe, maana bila hapo namba hizi hazisemi kitu.

Kipepeo ndicho mtindo mdogo kuliko yote kwa umri. Kilizaliwa ndani ya mtindo wa chura. Miaka ya 1930 waogeleaji waligundua kwamba hakuna kanuni iliyowazuia kurudisha mikono mbele kwa juu ya maji badala ya kuipitisha chini, na Olimpiki za mwaka 1956 kule Melbourne kikaogelewa kwa mara ya kwanza kama mtindo unaojitegemea. Mikono miwili hutoka pamoja na kuingia pamoja, miguu hupiga kwa pamoja kama mkia wa pomboo, na ukutani viganja vyote viwili hugusa kwa wakati mmoja. Ukigusa kwa mkono mmoja, umeondolewa.

Watu hudhani nguvu inatoka mabegani. Mzazi akiniletea mtoto ataniambia, "Mwalimu, huyu wangu ana mabega, mfundishe kipepeo." Mimi namtazama mtoto kifuani na kiunoni. Wimbi la kipepeo huanza pale unapokikandamiza kifua majini. Kifua kikishuka kiuno kinapanda, kiuno kikishuka miguu inachapa. Kila mzunguko mmoja wa mikono una mateke mawili: la kwanza mikono inapoingia mbele, la pili inapomaliza kusukuma maji karibu na mapaja. Hilo la pili ndilo linaloitoa mikono majini. Mtoto anapochoka, teke la pili ndilo hufa mwanzo. Likifa, mikono haina kinachoinyanyua, inaanza kuburuta juu ya maji, kichwa kinapanda kutafuta hewa, kiuno kinazama, na kuanzia hapo anapanda mlima uliojengwa na mwili wake mwenyewe. Mtindo huru ukichoka unapunguza mwendo. Kipepeo ukichoka kinavunjika.

Ndiyo maana mita 50 na mita 100 za kipepeo nazihesabu kama michezo miwili. Hamsini unaweza kuimaliza kwa mlipuko na ujasiri. Mia inakudai ujue namna ya kuchoka. Mwangalie Phelps katika fainali ileile: alipogeuka kwenye mita 50 alikuwa wa saba kati ya wanane. Wa saba! Akarudi na kushinda kwa 50.58 dhidi ya 50.59 ya Čavić. Kwenye pigo la mwisho Čavić alinyoosha mikono na kuteleza kuelekea ukutani, Phelps akaongeza nusu ya mpigo na kuupiga. Ubao wa saa ulioko ukutani, ule ambao muogeleaji huugusa ili kusimamisha saa, hausomi kupapaswa, unataka kusukumwa. Mikono ya Čavić ilikuwa mbele yake imenyooka, lakini mwili unaoteleza unapoteza mwendo kila inchi inayopita.

Na nyuma yao sasa. Andrew Lauterstein wa Australia alichukua shaba kwa 51.12. Ian Crocker wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia wakati huo, akawa wa nne kwa 51.13. Weka hapo 51.14 ya Dunford ya Alhamisi. Kama angeirudia vilevile asubuhi ile, bado angekuwa wa tano. Angekuwa ameikosa medali kwa sehemu mbili za mia ya sekunde, huku nafasi yake kwenye karatasi haijasogea hata moja. Nilipolitambua hili nilikaa kimya muda mrefu. Miaka yote nilikuwa nikisema "angerudia tu muda wake wa mchujo." Namba zenyewe zikanikatalia.

Lakini namba hiyo haikufia Beijing. London mwaka 2012 Phelps alishinda mita 100 za kipepeo kwa 51.21. Fedha walifungana Chad le Clos wa Afrika Kusini na Yevgeny Korotyshkin wa Urusi, wote 51.44. Rio mwaka 2016 Joseph Schooling akaipa Singapore dhahabu kwa 50.39, na nyuma yake likatokea jambo ambalo watu wa mchezo huu bado wanalisimulia: Phelps, le Clos na László Cseh wa Hungaria waligusa ukuta kwa muda mmoja, watatu wakapanda jukwaani kugawana fedha. Muda wao? 51.14.

Ningekuwa naandika kwa ushabiki ningeishia hapo na kusema Dunford alikuwa na muda wa dhahabu ya London na fedha ya Rio. Sitasema hivyo, kwa sababu ya nguo. Mwaka 2008 ulikuwa wa mavazi ya kuogelea yenye vipande vya poliyurethani, aina ya plastiki, yaliyoubana mwili na kuupunguzia ukinzani wa maji. Mwaka 2009 yakaja yaliyotengenezwa kwa poliyurethani tupu, rekodi zikaporomoka kama maembe ya msimu. Mwaka huo ndipo Phelps aliposhuka chini ya sekunde 50 kwa mara ya kwanza, 49.82, huko Roma. Kuanzia Januari 2010 yakapigwa marufuku, wanaume wakarudi kwenye kaptula za kitambaa za kiunoni hadi magotini. Muda wa 2008 na muda wa 2012 haupimwi kwa mizani moja. Mkufunzi yeyote anayewaambia vijana wake vinginevyo anawapotosha.

Kwa hiyo ukitaka kujua Dunford alikuwa na nini ndani yake bila msaada wa nguo, nenda Delhi, Oktoba 2010, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mita 50 za kipepeo. Kaptula za kitambaa kwa wote. Pembeni yake kulikuwa na Geoff Huegill wa Australia na Roland Schoeman wa Afrika Kusini, wanaume walioogelea ngazi ya juu tangu yeye akiwa mvulana. Dunford aligusa wa kwanza, 23.35, na Kenya ikapata dhahabu yake ya kwanza ya kuogelea katika michezo hiyo. Wimbo wa taifa ulipigwa kwenye bwawa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha si muda mrefu, na siku iliyofuata watoto wawili walikuja na kuniambia wanataka kuacha mtindo huru.

Hamsini ilikuwa mbio yake. Naamini hivyo kwa moyo wote. Alikuwa na mlipuko, alikuwa na urefu, alijua kutoka chini ya maji akiwa tayari na kasi. Tatizo ni kwamba katika miaka yake yote ya kushindana Olimpiki haikuwa na mita 50 za kipepeo. Ilikuwepo mashindano ya dunia, ilikuwepo Jumuiya ya Madola, lakini kwenye Olimpiki mwogeleaji wa kipepeo alitakiwa achague mia au mia mbili. Mtu aliyeumbwa kwa hamsini alilazimika kujifunza kuibeba hamsini ya pili mgongoni, na bado akafika fainali.

Nani alimfundisha kuibeba? Hapa ndipo wazazi wengi huniuliza, nami huwajibu bila kuficha. Aliondoka. Alisoma Uingereza, Marlborough College, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Stanford huko California. Vyuo vya Marekani huogelea kwenye mabwawa mafupi ya yadi 25, na mbio zao zimejaa kugeuka na kupiga mateke ya pomboo chini ya maji. Kanuni inakuruhusu kubaki chini mpaka mita 15 baada ya kuruka na baada ya kila mgeuko. Anayezifaidi mita hizo hupata mwendo ambao juu ya maji haupatikani. Mdogo wake David, wa mtindo huru, naye alikwenda kuogelea chuo cha Marekani, na wote wawili waliiwakilisha Kenya Beijing.

Watu huniambia, "Lakini Nairobi ni juu, hewa nyepesi, si ndiyo siri ya wanariadha wetu?" Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu, sawa. Kwa mtoto wa kipepeo hewa nyepesi maana yake anachukua muda mrefu kupata pumzi kati ya seti na seti, na Julai maji ya Nairobi yasiyopashwa moto yanauma mpaka kwenye meno. Bwawa la mita 50 la Kasarani lilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Huku Pwani wengi wetu tunafundishia mabwawa ya shule na ya hoteli, mafupi, yasiyo na ubao wa saa ukutani. Tuna bahari nzima mlangoni, na mtoto wa Likoni anayeogelea tangu ana miaka minne anaweza asiwahi kuona mgeuko wa mita 50 mpaka siku ya mashindano. Hili linaniuma kuliko medali yoyote tuliyoikosa.

London mwaka 2012 Dunford ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye sherehe za ufunguzi, mbele ya wanariadha wetu wote. Kwenye maji alifika nusu fainali ya mita 100 za kipepeo na kuishia hapo. Baadaye aliachana na mashindano, akaingia kwenye muziki, akiimba kwa Kiswahili kwa jina la Samaki Mkuu. Kuna waliokuwa wakihoji Ukenya wake kwa sababu ya rangi yake. Mimi nilimwona akivaa kofia yenye bendera yetu na kuifia kwenye mita kumi za mwisho, na hilo lilinitosha.

Aprili 2025 ikatangazwa kwamba Olimpiki za Los Angeles mwaka 2028 zitakuwa na mita 50 za kipepeo, wanaume na wanawake. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimekaa kwenye ngazi za bwawa, miguu majini, nikaisoma mara tatu.

Tangu hapo nimebadilisha mazoezi ya Jumamosi. Kuna binti ninayemfundisha, wa miaka kumi na tatu, teke lake la pili halifi hata akichoka. Kasoro yake ni mwisho: akiuona ukuta ananyoosha mikono na kuteleza, anadhani ameshafika. Kwa hiyo hatuogelei bwawa zima. Anaanzia kwenye kamba ya bendera, mita tano kutoka ukutani, kwa mwendo wa mbio, na kazi yake ni kuamua: mpigo mzima au nusu. Nusu au mzima. Anagusa, anarudi nyuma, anaanza tena. Wiki iliyopita tulifanya mara arobaini, na mara thelathini na moja aliupiga ukuta kwa viganja viwili, kwa nguvu, mpaka maji yakaruka kwenye ubao wangu na kuchuruzika juu ya 51.14. Leo jioni nitaikoleza.