Je, wajua? Kwa nini "±3 m" ya GPS ya mkononi haimaanishi umekosea mita 3

Ukiwasha GPS ya mkononi mahali pa wazi, baada ya muda kioo hukupa latitudo, longitudo na kinamba kidogo: ±3 m. Wengi hukisoma kama ahadi kwamba kifaa hakijakosea zaidi ya mita tatu. Sivyo. Kifaa hakijui mahali kilipo hasa, kwa hiyo hakiwezi kujua kimekosea kiasi gani. Hayo ni makisio yake chenyewe, sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani.

Makisio hayo yanatoka wapi? Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa na mahali ilipo. Kifaa hupima muda ambao mawimbi yametumia kufika, kisha hugeuza muda huo kuwa umbali. Mawimbi hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde umeshapotea mita 300. Baada ya hapo kifaa hutazama kinaona setilaiti ngapi, zimetawanyika vipi angani na mawimbi yana nguvu gani. Zikitawanyika pande zote kinamba hushuka, zikijazana upande mmoja hupanda.

Tatizo ni makosa ambayo hesabu hiyo haiyaoni vizuri. Chukua kambi ya Barranco kule Kilimanjaro, karibu na ule ukuta mkubwa wa mawe. Ukuta huziba kipande cha anga, na mawimbi ya setilaiti iliyofichwa nyuma yake yanaweza kugonga jabali jingine ndipo yakufikie, yakiwa yamezunguka njia ndefu. Kifaa hudhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Nukta inayoonyesha ulipo inaweza kuhama makumi ya mita huku kinamba kikibaki kidogo vilevile. Misitu minene na maghorofa ya mjini huleta shida ya namna hiyo hiyo.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna jambo jingine. Ionosfea, tabaka la juu la anga linalochelewesha mawimbi, huku kwetu huwa nzito na yenye misukosuko zaidi, hasa saa za mwanzo baada ya jua kuzama. Marekani wana mfumo wa masahihisho uitwao WAAS, Ulaya wana EGNOS, lakini hiyo imepangwa kwa ajili ya maeneo yao. Kwa hiyo sifa za kifaa kilichojaribiwa Ulaya usizichukue zilivyo.

Tena watengenezaji hawatumii kipimo kimoja. "Mita 3" ikiwa na maana kwamba nusu ya vipimo huangukia ndani ya duara la mita 3 kuzunguka mahali halisi, basi duara la kuchukua 95 kati ya 100 ni la mita 6 hivi. Wala usidanganywe na tarakimu nyingi baada ya nukta: tarakimu ya tano ya digrii tayari ni mita moja na kidogo, na ya saba ni sentimita moja, ambayo GPS ya kawaida ya mkononi haiwezi kuifikia.

Basi kifaa hupimwaje? Tafuta bikoni (alama ya kudumu) ya wapima ardhi ambayo viwianishi vyake, yaani latitudo na longitudo, vinajulikana, weka kifaa juu yake, andika kinachosoma, linganisha. Usisimame hapo dakika kumi ukaandika vipimo ishirini ukadhani umefanya kazi. Vipimo vya mfululizo hubeba kosa lile lile, na vifaa vingi huituliza nukta vikihisi umesimama. Rudi siku nyingine, na saa nyingine, kwa sababu mpangilio wa setilaiti za GPS angani hujirudia kila baada ya saa 23 na dakika 56. Ukienda kila siku saa nne asubuhi, unapima anga lile lile.

Kosa kubwa kuliko yote haya, kwa maoni yangu, halitoki angani. Ramani nyingi za zamani za topografia za Kenya, Tanzania na Uganda zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, yaani msingi ambao latitudo na longitudo huhesabiwa kutoka kwake, wakati GPS huja imewekwa msingi mwingine, WGS 84. Ukihamishia namba za WGS 84 kwenye karatasi hizo bila kubadili, utajikuta umesogea takribani mita 300, hasa kuelekea kusini. Kwenye ramani ya 1:50,000 hiyo ni milimita 6, inatosha kukuweka ng'ambo ya korongo. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya kifaa na kuchagua Arc 1960 kabla ya kuondoka.

Kimo nacho kipe nafasi zaidi ya kukosea. Setilaiti zote unazozipokea ziko juu yako, hakuna hata moja chini ya miguu kusawazisha hesabu, kwa hiyo kosa la wima kwa kawaida huzidi lile la mlalo. Kama kifaa chako kina baromita (kipima shinikizo la hewa), irekebishe kila unapofika penye kibao cha kimo.