Toto Afya Kadi ilikwama wapi, na bima kwa wote itabebwa na nani

Tangu nianze kuandika kuhusu fedha za afya, wazazi hawaniulizi jambo lolote kama wanavyoniuliza kuhusu Toto Afya Kadi. Kadi hiyo ya bima ya afya ya mtoto ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mtoto alitibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa. Halafu Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, yaani NHIF, ukasitisha kuandikisha mtoto mmojammoja na kuelekeza waandikishwe kupitia shule au pamoja na familia zao. Kwa nini kitu kilichowasaidia watoto namna ile kizuiwe? Mimi ni mchumi wa afya, na naamini ukilielewa jibu la swali hilo umeelewa zaidi ya nusu ya matatizo ya mfumo wetu wa afya wa umma. Kwa hiyo nitalijibu taratibu.

Turudi nyuma kwanza. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 tiba ya biashara ikapigwa marufuku kabisa. Zahanati zikajengwa hadi vijijini, jambo ambalo nchi nyingi maskini hazikuthubutu. Ile bure ilikuwa na mlipaji, naye alikuwa kodi pamoja na wafadhili. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1980 majengo yakabaki, dawa zikaisha. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena, na kuanzia 1993 ukaja uchangiaji: mgonjwa alipie sehemu ya gharama. Ili maskini wasiachwe nje, sera ikatoa msamaha kwa watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasio na uwezo na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu.

Hapa ndipo naona kosa la kwanza, na bado linatutesa. Msamaha uliandikwa kwenye sera, lakini fedha za kuulipia hazikutengwa inavyopasa. Hospitali inamtibu bibi wa miaka 70 bila malipo, na ni haki yake. Lakini dawa aliyopewa ilinunuliwa Bohari ya Dawa, MSD, msambazaji wa dawa wa serikali, na bohari inadai. Kituo kisipofidiwa, deni linakua, na oda inayofuata inapungua. Mgonjwa wa kesho, mwenye msamaha na asiye nao, anaambiwa maneno ambayo kila Mtanzania ameyasikia: dawa hakuna, kanunue nje.

Bima ililetwa kuziba pengo hilo. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na NHIF ikaundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001. Watumishi wa umma wanakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 3. Mwalimu kijana wa Sumbawanga asiyeumwa hata kichwa anakatwa asilimia ileile anayokatwa mwalimu anayekaribia kustaafu ambaye figo zake zimechoka. Hakuna anayeombwa ridhaa, na kwa sababu hiyo fedha za wazima zipo pale mgonjwa anapozihitaji.

Sisi tunaijua kanuni hii vizuri bila kufundishwa na mchumi. Karibu kila mtaa una kikundi cha kufa na kuzikana. Mnachanga kila mwezi, kuna msiba au hakuna. Sasa jaribu kwenda kwa mwenyekiti wa kikundi siku baba yako amelala mochwari, utoe mchango wa mwezi mmoja na udai sanduku, turubai na basi. Watakusikitikia sana, watakuchangia kibinadamu, lakini hawatakuandika uanachama siku hiyo. Wakikuandika wewe, kuanzia kesho hakuna atakayechanga kabla hajafiwa.

Toto Afya Kadi, iliyoanza 2016, ilikuwa kikundi kinachoandika wanachama siku ya msiba. Chukua mtaa wenye watoto 1,000. Wakiandikishwa wote zinapatikana shilingi milioni 50.4. Wengi wao kwa mwaka mzima watapata mafua, malaria mara moja, kuhara kidogo. Wachache watakuwa na selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), tundu kwenye moyo au saratani ya damu, na fedha za wale wengi ndizo zitakazowatibu. Sasa waachie wazazi hiari. Watakaokimbilia kadi ni hao wachache, tuseme 50. Makusanyo yanashuka hadi shilingi milioni 2.52, na gharama kubwa ziko palepale kwa sababu wagonjwa ni walewale. Upasuaji wa moyo wa mtoto mmoja ni mamilioni ya shilingi. Nchi hii inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na kila mmoja anahitaji dawa, vipimo na mara nyingine kuongezewa damu maisha yake yote. Maelezo ya Mfuko wakati ule yalikuwa hayo hayo: matumizi ya kundi hili yalizidi makusanyo kwa mbali, na watoto wengi waliandikishwa wakiwa tayari wagonjwa.

Nasikia watu wakiwalaumu wazazi hao. Mimi siwalaumu hata kidogo. Mama aliyeambiwa na daktari kwamba mwanawe anahitaji upasuaji, akaona mlango wa shilingi 50,400 uko wazi, angefanya nini kingine? Kosa lilikuwa la waliotengeneza mpango. Na ukishafika hapo huwezi kujinasua kwa kupandisha bei: ukipandisha, wanaoondoka kwanza ni wale wenye watoto wazima, unabaki na wagonjwa watupu, unalazimika kupandisha tena. Bima ya hiari hujila yenyewe, iwe Dar es Salaam au kwingineko.

Kuna mivujo mingine pia. Kisukari, shinikizo la damu, figo na saratani vimeongezeka, na mtu anayesafishwa damu mara kadhaa kwa wiki anagharimu kuliko kijiji kizima cha wagonjwa wa malaria. Kuna udanganyifu: kadi moja kutumiwa na ndugu watatu, kituo kudai vipimo visivyofanyika. Kuna bei: kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko unalipia, kilipoanza Machi 2024, baadhi ya hospitali kubwa binafsi ziligoma kuwapokea wanachama wa NHIF, zikisema viwango havilipi gharama. Udanganyifu udhibitiwe, bei zijadiliwe, sina ubishi. Lakini hata vyote hivyo vikinyooka, mfuko unaotegemea wanaojichagua wenyewe utayumba tu.

Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ni jambo kubwa. Muswada uliwasilishwa 2022, ukaahirishwa kwa sababu ya maswali mengi, na Bunge likaupitisha Novemba 2023. Wakati huo takwimu za serikali zilionyesha kwamba Watanzania wenye bima ya aina yoyote ni kama asilimia 15. Sheria inataka kila mkazi awe na bima, na inaanzisha mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, ikitaja vyanzo kama kodi za vinywaji, vipodozi, michezo ya kubahatisha na ada za bima za vyombo vya moto.

Sehemu hiyo ya vyanzo ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa sheria, ingawa mjadala mwingi umekwenda kwenye bei ya kadi. Sababu ni hii. Mtumishi anakatwa juu kwa juu, kazi imekwisha. Mama lishe, bodaboda, mvuvi wa dagaa na mkulima wa mahindi wa Mbozi hawana mshahara wa kukatwa. Mapato yao yanakuja kwa msimu. Ukiamua kuwafuata mmojammoja kukusanya mchango, unahitaji maofisa, mifumo, mafuta ya pikipiki, na mwakani unaanza upya. CHF iliyoboreshwa ilidai shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita huko mikoani, serikali ikiahidi kuongeza kwa utaratibu wa tele kwa tele, yaani nayo ichangie juu ya mchango wa kaya, na bado kaya nyingi hazikurudi kulipia mwaka wa pili. NHIF walijaribu pia kupitia vyama vya ushirika kwa mpango wa Ushirika Afya, mkulima alipie msimu wa mauzo. Wazo zuri, ila linamfikia tu mwenye zao linalopita kwenye ushirika.

Rwanda wamefika zaidi ya asilimia 80 ya wananchi kwa Mutuelle de Santé, bima yao ya afya ya jamii, na hawakufika huko kwa kampeni za kuhamasisha peke yake. Kujiunga ni lazima, serikali inawalipia walio maskini kabisa, na uongozi wa vijiji unapimwa kwa uandikishaji.

Msimamo wangu uko wazi, na najua wenzangu kadhaa hawaupendi: huduma za zahanati na kituo cha afya zilipiwe na kodi kwa kila mtu, bila kuuliza kadi, na bima ibaki ya hospitali. Mama lishe tayari analipa kodi kila anaponunua soda, muda wa maongezi au mafuta ya taa. Kumwandama tena mlangoni kwa mchango wa malaria na kliniki ya presha ni gharama isiyo na tija. Mwaka 2001 huko Abuja viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na bajeti yetu bado iko mbali na kiwango hicho. Tusijidanganye kwamba michango ya wananchi itafunika pengo ambalo Hazina haijataka kulifunika. Na tangu Januari 2025, Marekani ilipositisha misaada yake ghafla, kila mpangaji wa afya ameona jinsi dawa za UKIMWI na mishahara ya watoa huduma wengi vilivyoning'inia kwenye uamuzi wa mtu aliye mbali.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: kadi haina thamani kama rafu ya dawa ni tupu. Nimekaa kwenye vikao vya kupanga bajeti za afya za halmashauri, na ninaloliona likibadilisha hali kuliko semina zote ni fedha kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Utaratibu huo ulianza mwaka wa fedha 2017/18. Kabla yake mganga wa zahanati alisubiri halmashauri imnunulie hata glavu. Sasa anapanga na kuagiza mwenyewe, mradi fedha zifike kwa wakati. Malipo ya bima yakichelewa kwa miezi, nguvu yote hiyo inapotea na mwanachama mwenye kadi halali anatumwa duka la mtaani na cheti mkononi.

Kila zahanati ya umma ina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na mipango ya fedha za kituo inapitia humo. Ukitaka kujua kama bima kwa wote inafanya kazi mahali unapoishi, mtafute mwakilishi wenu na umuulize mambo matatu: malipo ya bima ya robo mwaka iliyopita yaliingia tarehe ngapi, dawa za presha na kisukari zilikosekana siku ngapi, na waliotibiwa kwa msamaha waliligharimu duka la dawa la kituo kiasi gani bila kufidiwa. Ukipata majibu, niandikie. Nitayaweka pamoja na ya vituo vingine, bila kutaja jina la mtu.