Deni la kampuni na deni la mwenye kampuni: hukumu ya Salomon

Swali tunaloulizwa mara nyingi na wakulima wa machungwa wa Muheza wanaotufikia hapa Tanga, daftari mkononi na stakabadhi zenye mhuri wa kampuni, ni hili: kampuni imefilisika, lakini mwenyewe tunamwona mjini na nyumba yake ipo, kwa nini asitulipe?

Jibu lilitolewa London tarehe 16 Novemba 1896. Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa Whitechapel, aliiuza biashara yake mwaka 1892 kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe pamoja na mkewe na watoto wao watano. Wao walikuwa na hisa moja moja, naye akawa na 20,001. Sehemu ya bei alilipwa kwa hati za deni za pauni 10,000, zilizodhaminiwa na mali ya kampuni. Haukupita muda mrefu, migomo na soko bovu vikaiangusha. Edmund Broderip, aliyekopesha pauni 5,000 kwa dhamana ya hati hizo, alilipwa kwanza. Kilichosalia hakikutosha kuwalipa wadai wasio na dhamana.

Mfilisi, yaani aliyeteuliwa kukusanya mali ya kampuni iliyoanguka na kulipa wadai, alitaka Salomon mwenyewe abebe madeni hayo. Jaji Vaughan Williams wa Mahakama Kuu alikubali, akisema kampuni ilikuwa wakala wake tu, na Mahakama ya Rufani ikasema anawajibika kwa sababu nyingine. Salomon, ambaye kufikia hapo alikuwa fukara, alikata rufaa katika Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, nalo likatengua yote kwa kauli moja: kampuni ni mtu mwingine kabisa kisheria, hivyo deni lake si la mwenye kampuni. Lodi Macnaghten, mmoja wa majaji hao, aliwahurumia wadai, lakini alisema walijua wazi kwamba hawafanyi biashara na mtu binafsi tena. Kwangu mimi maneno hayo ni makali mno kwa muuzaji mdogo, ingawa ndiyo sheria.

Nayo ni sheria yetu pia, kwani Tanzania ilipokea kanuni za mahakama za Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920. Mahakama huivua kampuni joho hilo la kuwa mtu wa peke yake, ikamgeukia mwenyewe, hasa pale ilipotumika kulaghai, na kuuthibitisha ulaghai ni kazi ngumu. Kwa hiyo mkulima anayeombwa kupakia lori zima kwa mkopo aangalie kwanza jina lililoandikwa kwenye hati ya mauzo. Likiwa la kampuni, aulize BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, kama mali za kampuni hiyo zimekwisha kuwekwa rehani benki, kisha amtake mkurugenzi asaini, kwa jina lake mwenyewe, hati ya kulidhamini deni hilo, kabla lori halijaondoka shambani.